Habari za Mto na Mvua

Watu wa kwetu pwani husalimiana kwa kuulizana hali. Mtu huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi na za safari, naye kwa kila swali hujibu kuwa ni njema, hata kama usiku kucha hakulala kwa homa. Salamu zikiisha ndipo shida husemwa. Waingereza hawana mlango mrefu kama huo wa kuingilia katika maneno. Wao hupashana habari za hewa. Mmoja husema kwamba kuna baridi. Mwenziwe hukubali kwamba kuna baridi. Kisha kila mmoja hushika njia yake, na baridi haipungui kwa maneno yao. Nalipofika katika nchi hiyo mwezi wa Septemba mwaka 2023 nalidhani kuwa desturi hii ni dalili ya uchache wa maneno, au ya mioyo isiyopenda kufunguka. Nalikaa nao mwaka mmoja, na mwaka huo ulinitia adabu. Haya niandikayo ni kukiri kosa.

Mji naliokaa ni Tewkesbury, katika jimbo la Gloucestershire, magharibi ya Uingereza. Masomo yangu yalikuwa katika mji mwingine wa jirani, lakini chumba kilicholingana na mfuko wangu kilipatikana Tewkesbury, nami nikawa nakwenda na kurudi kwa basi. Mji huu umekaa mahali mito miwili inapokutana. Mto Severn, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya kisiwa kile, hutoka katika milima ya Wales na kusafiri kiasi cha kilomita 354 mpaka baharini. Mto Avon hutoka upande wa mashariki, ukapita Stratford alikozaliwa Shakespeare, ukaja kujitoa kwa ndugu yake mkubwa hapo. Tena viko vijito viwili, Swilgate na Carrant, ambavyo siku za kiangazi mpita njia huvivuka bila ya kuvitazama. Kwa hiyo Tewkesbury ni kama mtu mwenye wajomba wanne: wakija mmoja mmoja hufurahi nao, bali wakija wote kwa siku moja hana mahali pa kuwalaza.

Umbo la mji lenyewe ni kazi ya maji. Barabara kubwa ni tatu tu, nazo hukutana penye mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani. Watu wa kale hawakuujenga mji mrefu na mwembamba kwa kupenda wembamba. Walijenga juu ya ardhi iliyoinuka kidogo, na nje ya ardhi hiyo maji hayakuwapa ruhusa. Watu walipoongezeka na mji usiweze kutanuka, walijaza nyumba katika nyua zilizokuwa nyuma ya nyumba za mbele, wakaacha vichochoro vya kupitia. Vichochoro vilivyobaki ni kama thelathini. Vingine ni vyembamba hata watu wawili wenye miavuli hawapishani, sharti mmoja akunje wake. Kanisa la abasia, lililowekwa wakfu mwaka 1121, limesimama pia juu ya mwinuko huo. Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa, watu wa mji walilinunua kanisa lao kwa pauni 453 ili lisibomolewe. Mnara wake mnene huonekana kutoka mbali, na kila afikaye huuona kabla ya kuuona mji.

Kati ya mji na Severn kuna uwanda mpana wa majani uitwao Severn Ham. Hapana nyumba hata moja juu yake. Wakati wa kiangazi majani yake huachwa yarefuke, yakakatwa na kukaushwa kwa chakula cha wanyama. Kisha mifugo huingizwa kulisha. Wakati wa baridi uwanda huo ni mali ya mto. Mgeni akiuona mara ya kwanza hushangaa kwamba watu wanaobanana vichochoroni wameacha bure ardhi kubwa namna ile mlangoni pao. Hata mimi nalishangaa. Sikujua kuwa ardhi ile haikuachwa bure, bali ilikuwa na mwenyewe ambaye alikuwa safarini.

Kila asubuhi nalipita ukingoni mwa Mill Avon, mkono wa mto upitao chini ya mji penye kinu cha zamani, kwenda kungoja basi. Mambo naliyoyaona yalikuwa madogo, nayo yalirudi kila siku kama watu wa zamu. Batamaji weupe walikuja wakishindana kwa mikate ya watoto wa shule. Wavuvi wa mshipi waliketi chini ya miavuli ya kijani, kimya, kana kwamba wamekuja kusomea mtihani. Mashua ndefu nyembamba zilitoa moshi katika dohani zao, maana kuna watu waishio ndani yake. Mwanamke mmoja alianika nguo katika ua wake, akaanua, akaanika tena, mara tatu kabla ya adhuhuri, kwa sababu katika nchi ile jua na manyunyu huishi kama wake wenza: akiingia huyu, yule yuko ukumbini angoja zamu. Mzee mwenye mbwa wa manjano alipita saa ileile, akanyanyua kidole kimoja, akasema, "Kumepoa leo." Nami nalijibu, "Naam, kumepoa." Mazungumzo yetu yakawa yamekwisha.

Lakini mwenye maneno ya hewa kuliko wote alikuwa jirani yangu wa kichochoroni, bibi mmoja mjane aliyepita miaka themanini. Mlango wake ulikabili wangu, na hatua zilizotutenga hazikuzidi nne. Asubuhi alisimama kizingitini na kikombe cha chai mkononi, akitazama kile kipande cha mbingu kilichobaki kati ya mapaa. Hakuniuliza hata siku moja nimelalaje. Alisema, "Upepo umegeuka, mwanangu, unatoka kusini-magharibi." Au alisema, "Jalidi itaanguka usiku huu. Usiache maua dirishani." Au alisema neno ambalo kwangu lilikuwa fumbo: "Mvua inanyesha Wales." Nalijibu kwa adabu na kwa haraka. Moyoni nalisema: Wales ni mbali, mvua ya Wales yanihusu nini? Tena nalimwona kuwa ni mtu wa kuhurumiwa, aliyekosa la kusema akashika la mbinguni.

Vuli ya Uingereza ilipita. Ukungu ulilala juu ya Ham kila alfajiri, mnara wa abasia ukaelea juu yake bila ya miguu. Mierebi ilipukutisha majani. Siku zilifupika hata mwezi wa Desemba jua likawa latua karibu na saa kumi za jioni, nami nalitoka nyumbani gizani nikarudi gizani. Mvua zilinyesha mfululizo, si kwa ghadhabu kama masika yetu, bali kwa subira, kama mdai anayejua kuwa hatakimbiwa. Ardhi ilishiba. Tarehe 2 Januari mwaka 2024 ilipita tufani waliyoiita Henk, na maji yaliyonyesha hayakupata pa kunywewa.

Siku iliyofuata bibi alikuja mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Alisema, "Panda na vitabu vyako juu." Nalitazama kichochoro: kilikuwa na unyevu tu. Nalimwambia kuwa mvua imekatika na mbingu ni nyeupe. Alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyehesabu kwa vidole. Kisha alinieleza, na maelezo yake naliyakuta baadaye kuwa ni elimu kamili. Mvua inyeshayo milimani Wales haifiki Tewkesbury siku ile. Mto huibeba kwa siku kadhaa. Ni kama barua iliyokwisha tiwa posta: mwandikaji amelala, bali barua iko njiani na itafika. Avon una barua zake kutoka mashariki. Severn ukijaa kwanza, huuzuia Avon usitoke, maji ya Avon yakarudi nyuma yakatafuta pa kukaa. Kwa hiyo mwenye kuishi hapo hana budi kujua mvua imenyesha wapi, kiasi gani, na siku gani. Wahenga wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Huko dalili ya maji ni mawingu ya watu wengine. Watu wa Rufiji, waoteshao mlau katika ardhi iliyoachwa na gharika, wangalimwelewa upesi kuliko mimi niliyezaliwa mjini.

Maji yalikuja kama alivyosema. Hayakuja kwa kishindo. Asubuhi moja Ham haikuwapo; mahali pake palikuwa na bahari ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake vilele vya ua wa miti vilionyesha mipaka ya makonde yaliyozama. Batamaji waliogelea mahali ambapo mwezi wa Septemba nalikuwa nimelala juu ya majani nikisoma. Barabara kadhaa zilifungwa, basi langu halikuja. Abasia ilikuwa kama imesimama kisiwani. Kichochoroni kwetu maji yalipanda hata vidato vya mwisho vya upande wa mtoni, yakasimama hapo siku mbili, yakitikisika kidogo kama mtu anayefikiri, kisha yakaanza kurudi.

Siku hizo mbili nalizipitisha jikoni kwa bibi, na hapo ndipo nalipoiona nyumba yake kwa macho mapya. Sakafu ilikuwa ya mawe matupu, bila zulia. Vitundu vya umeme vilikuwa juu ukutani, usawa wa kifua. Kabati lilisimama juu ya matofali. Nyumba nzima ilikuwa imekunja nguo zake kama mtu avukaye mto. Juu ya chai alinihadithia gharika mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi Machi mwaka 1947, theluji ya kipupwe kikali ilipoyeyuka kwa pamoja nchi nzima; yeye alikuwa mtoto wa miaka sita, na baba yake alimtolea dirishani akamtia katika mashua. Alikumbuka kuwa alifurahi, na kuwa mama yake alilia, na kuwa hakuelewa kwa nini mambo hayo mawili yalikuwa pamoja.

Ya pili ilikuwa ya mwaka 2007. Hiyo haikuandikiwa barua. Tarehe 20 Julai, katikati ya kiangazi, mvua ilianguka juu ya mji wenyewe na nchi iliyouzunguka. Vijito viwili vilivyodharauliwa vikainuka vikawa mito, kisha mito mikubwa ikafuata. Watu walikufa katika mji ule mdogo. Picha ya abasia katikati ya maji ilienea ulimwenguni. Lakini jambo ambalo bibi hakulisahau ni jingine. Tarehe 22 mtambo wa kusafishia maji wa Mythe, ulio kando ya Severn, ulizama ukaacha kufanya kazi. Watu kiasi cha 350,000 katika jimbo walikosa maji ya mfereji, wengine kwa muda wa siku 17. Fikiri, msomaji: maji yamejaa njiani, yamejaa sebuleni, yamejaa makaburini, na hakuna tone la kutia birikani. Watu walijipanga barabarani na ndoo mbele ya matangi. Bibi alisema kuwa siku zile ndipo alipowafahamu majirani zake wote, hata wale aliokaa nao miaka thelathini. Maana kila jioni mmoja alipita kichochoroni akigonga milango, akauliza nani ana chupa na nani hana.

Tangu siku hiyo nalianza kusikiliza habari za hewa kwa heshima. Naliweza kusema, "Severn umepanda," na mzee mwenye mbwa akasimama, akanijibu kwa maneno kumi badala ya mawili. Nalijiona kuwa nimehitimu. Kumbe nalikuwa nimejifunza nusu moja tu. Nalijua sasa kuwa maneno yale yana elimu ndani yake, lakini sikujua bado ni ya kazi gani. Nusu ya pili nalijifunza kwa aibu.

Mwishoni mwa Februari zilikuja siku chache kavu. Upepo wa mashariki ulivuma, baridi ikawa kali, bali mbingu zilikuwa safi na mto ulikuwa umerudi kitandani mwake. Nami nalikuwa na karatasi ya masomo iliyopasa kumalizwa. Asubuhi ya kwanza sikumwona bibi kizingitini, nikafurahi, na namwomba Mungu anisamehe furaha hiyo, kwa kuwa naliokoa dakika tano. Asubuhi ya pili sikumwona, nikajiambia kuwa hewa ni njema, hapana la kusema. Nalipita mbele ya mlango wake mara nne siku hiyo. Pazia lilikuwa limefungwa mchana. Naliliona, wala sikuliona.

Asubuhi ya tatu mzee mwenye mbwa aligonga mlango wangu. Hatukuwa tumegongeana milango kabla. Aliniuliza, "Bibi amekuambia nini leo juu ya upepo?" Nalimjibu kuwa hakuniambia neno. Akauliza, "Na jana?" Nalimjibu kuwa jana pia hakusema. Hakuuliza zaidi. Alivuka zile hatua nne, akaita, akasukuma mlango. Tulimkuta chini ya ngazi. Alikuwa ameanguka jana yake asubuhi, nyonga imevunjika, na usiku mzima wa baridi ile alilala juu ya mawe, amejifunika zulia dogo la mlangoni. Alikuwa hai. Aliponiona alifumbua macho akasema kwa sauti ndogo, "Upepo bado ni wa mashariki." Sikujua la kujibu. Mzee alijibu kwa niaba yangu: "Bado, lakini utageuka."

Walimchukua hospitali, na kutoka hospitali alikwenda kwa binti yake katika mji mwingine, mbali na mto. Hakurudi. Nalimtembelea mara moja mwezi wa Aprili. Aliketi dirishani, na dirisha lilitazama ukuta. Nalimpelekea habari zote nilizoweza kuzikusanya: kuwa Ham imekuwa kijani, kuwa mierebi imechipua, kuwa kumenyesha siku mbili Wales na mto umepanda kidogo ukashuka. Alizisikiliza kama mtu asikilizavyo majina ya jamaa zake. Nalitaka kumwomba radhi kwa zile asubuhi mbili, lakini maneno yalinikwama, nikaishia kumwambia kwamba kumekuwa na baridi kuliko nilivyotazamia. Alinishika mkono, akakubali kwamba kulikuwa na baridi.

Hapo nalifahamu. Mtu asemaye kila asubuhi kuwa kumepoa hapashi habari ambayo mwenziwe hana. Ngozi ya mwenziwe yamwambia. Asemalo ni kwamba mimi nimeamka, nawe umeamka, na kesho nikikukosa nitajua. Ni daftari la mahudhurio lisomwalo mlangoni bila ya kutaja majina. Katika mji ambao maji huingia usiku, daftari hilo si mchezo. Sisi huulizana hali waziwazi na kujibiwa kuwa ni njema, hata isipokuwa njema. Wao huficha swali ndani ya wingu. Salamu zote mbili zaweza kuwa tupu, na zote mbili zaweza kujaa. Salamu haijazwi na maneno yake, bali na jicho la mwenye kuitoa, kama litaona pazia lililofungwa mchana. Mimi nalikuwa na salamu ndefu za kwetu, nikajivuna kwazo, na jicho sikuwa nalo.

Mwezi wa Juni, usiku ulipokuwa mfupi na jua likitua saa tatu na nusu, nyumba ya bibi ilipata mpangaji mpya, mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga. Alileta zulia. Asubuhi moja nalisimama kizingitini na kikombe changu cha chai. Alipofungua dirisha nalimwambia kuwa mvua imenyesha Wales, lakini si nyingi, na kuwa ardhi ni kavu, hapana la kuogopa. Alinitazama kama ninavyojua nalivyomtazama mwingine. Alijibu, "Naam," kwa adabu na kwa haraka, akafunga dirisha. Sikukasirika. Siku ya pili nalimwambia upepo umegeuka.